Jinsi ya Kutengeneza Shajara na Kadi kwa Mkono kwa Mihuri, Rangi na Wino

Watu wengi wanaojaribu kutengeneza shajara ya kwanza huanza na hatua ya mwisho. Hushona daftari, hulifunga kwa jalada zuri, kisha hufungua ukurasa mweupe na kuanza kuupaka rangi. Nami nilifanya hivyo hivyo, tena katika majira ya masika, wakati ambapo hata taulo halikauki. Baada ya siku mbili kurasa kumi na mbili zilikuwa zimegandamana na kuwa kipande kimoja, na nilipozitenganisha kwa kisu nilibaki na daftari lenye matundu. Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja ambao ndio uti wa mwongozo huu: rangi hutangulia, muhuri hufuata, maneno huja baada ya muhuri, na uzi huwa wa mwisho. Karatasi ikiharibika kabla ya kushonwa unaitupa na kuchukua nyingine, lakini ikiharibika ndani ya daftari lililokwisha kushonwa unaishi nayo.

Karatasi na mkondo wake

Kabla ya kununua chochote, elewa kwamba karatasi ina mkondo. Inapotengenezwa kiwandani, nyuzi zake ndogo hulala kwa kufuata upande ambao mashine inaelekea, na kwa sababu hiyo karatasi hukunjika kwa wepesi ukiikunja sambamba na nyuzi, na hubisha ukiikunja kwa kuzikata. Chukua karatasi, ipinde polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na usikilize mkono wako: upande unaopinda bila kushindana nawe ndio wenye mkunjo unaofuata mkondo. Katika daftari, mkondo unapaswa kwenda sambamba na mgongo. Ukikosea, kurasa husimama kama mbao badala ya kulala, na zikipata unyevu mgongo huingia mawimbi ambayo hayanyooki hata kwa kuwekewa jiwe.

Hapa ndipo karatasi ya kawaida ya A4 inapowadanganya wengi. Aghalabu mkondo wake hufuata upande mrefu, ule wa milimita 297, ilhali ukiikunja katikati kupata daftari la A5, mkunjo wako unapita kwenye upande mfupi na kukata nyuzi zote. Dawa ni rahisi. Ikate kwanza A4 katikati upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210, kisha kunja kila kipande katikati. Sasa mkunjo una urefu wa milimita 148 na unafuata mkondo barabara. Unapata daftari la A6, lenye kurasa za milimita 105 kwa 148, ambalo linaingia kwenye mkoba na linatosha kwa kuandika. Anayetaka A5 kwa dhati atafute karatasi ya A3 na kufanya vivyo hivyo. Kwa anayeanza nashauri A6, kwa sababu kadi zetu nazo zitakuwa za ukubwa huo huo, na mihuri utakayochonga itafaa kote kuwili.

Kuhusu uzito, karatasi ya mashine ya fotokopi, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, haifai kupakwa rangi ya maji, kwani hukunjamana na kuvujisha wino upande wa pili. Tafuta ya gramu 120 hadi 160 kwa kurasa za shajara, na ya gramu 200 hadi 250 kwa kadi. Jalada litatoka kwenye manila nzito, ile inayouzwa kwa shiti kubwa katika maduka ya vifaa vya shule; shiti kubwa lina faida kwamba unaweza kulikata kwa kufuata mkondo unaoutaka.

Kwa shajara moja ya kurasa 48 utahitaji karatasi sita za A4, yaani nusu karatasi kumi na mbili. Kata mbili au tatu za ziada, kwa sababu utaziharibu. Usizikunje bado.

Kupaka rangi ya chini

Rangi ya chini ni ile inayoondoa weupe wa karatasi kabla ya muhuri kupigwa. Rangi ya maji inafaa, na rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji mengi inafaa pia, ila zina tabia tofauti unazopaswa kuzijua. Rangi ya maji ikikauka huweza kulainika tena ukiigusa kwa brashi yenye maji. Akriliki ikikauka imekauka. Hata ukiitia maji haiondoki. Kwa hiyo akriliki ni salama chini ya tabaka nyingine, na kwa sababu hiyo hiyo ni adui wa brashi iliyosahauliwa mezani.

Tayarisha vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine cha kuchovya ili rangi ibaki safi. Lowesha karatasi kwa brashi pana au sponji mpaka ing’ae bila kutuama maji, kisha dondosha rangi na uiache itambae yenyewe. Kishawishi cha kila mwanafunzi ni kuichezea. Usiichezee. Rangi mbili zinazokutana zikiwa na maji huunda ukingo laini usioweza kuuiga kwa mkono, lakini ukisugua mara tatu unapata matope, hasa ikiwa ulichanganya rangi zinazopingana kama nyekundu na kijani.

Kuna mbinu mbili za jikoni ambazo hazigharimu kitu. Ya kwanza ni chumvi ya mawe: nyunyiza punje chache wakati karatasi bado ina unyevu lakini mng’ao wake umeanza kufifia, na kila punje itavuta rangi na kuacha umbo linalofanana na nyota. Subiri ikauke kabisa, kisha ikwangue yote kwa kiganja. Kwa wakazi wa Pwani hili la kukwangua si la hiari, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani na kuufanya ukurasa uwe na majimaji kila jioni. Ya pili ni mshumaa mweupe. Chora kwa ncha ya mshumaa kabla ya kupaka rangi, na kila nta ilipopita rangi itateleza na kuacha mstari mweupe. Kumbuka tu kwamba wino wa muhuri na gundi navyo vitateleza hapo hapo, kwa hiyo panga mapema muhuri utakaa wapi.

Mswaki mkuukuu una kazi pia: chovya kwenye rangi nzito, elekeza nywele zake kwenye karatasi, kisha uzipitishe kwa kidole gumba zirushe vitone. Fanya hivyo nje, au mbali na nguo zilizoanikwa.

Anika karatasi moja moja juu ya kamba au juu ya waya wa chekecheke, usizirundike. Mahali pakavu kama Iringa au Dodoma wakati wa kiangazi saa moja huweza kutosha. Tanga au Mombasa wakati wa mvua ipe usiku kucha. Zikishakauka zitakuwa zimejipinda. Ziweke chini ya vitabu vizito kwa siku nzima, uso ukiwa umefunikwa kwa karatasi safi.

Kuchonga muhuri

Muhuri wa bei nafuu kuliko yote ni kiazi kitamu. Kikate katikati kwa kisu kikali ili uso uwe sawa, chora umbo kwa ncha ya msumari, na ondoa nyama inayolizunguka kwa kina cha nusu sentimita. Kabla ya kutia rangi, ukandamize uso huo juu ya kitambaa kikavu kwa dakika kadhaa, kwani utomvu wake huzimua rangi na kufanya chapa ya kwanza itoke kama doa. Kiazi hufanya kazi kwa siku moja. Kesho yake kimesinyaa na umbo limepinda. Kwa watoto ni chombo bora, na kwa maumbo makubwa yasiyo na mistari myembamba hata mtu mzima hana sababu ya kukidharau.

Kinachofuata ni soli ya kandambili iliyochakaa. Ioshe kwa sabuni na uchonge upande ambao bado ni laini na ulio sawa. Sponji ya soli haishiki mistari myembamba, hivyo usichore kitu chenye upana unaopungua milimita mbili, lakini kwa majani, nyota, miraba na mawimbi inatosha kabisa, tena muhuri wake hudumu miaka. Gundisha nyuma yake kipande cha mbao au kifuniko cha chupa ili upate pa kushika.

Kwa kazi ya maua madogo, herufi na nakshi, tumia raba ya kufutia penseli, ile kubwa nyeupe. Chora mchoro wako kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, ulaze kifudifudi juu ya raba, na usugue mgongo wa karatasi kwa kijiko. Mchoro utahamia kwenye raba ukiwa umegeuka kushoto kulia, na hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu chapa itaugeuza tena na kuurudisha sawa. Usiusahihishe. Wapo wanaodhani kwamba herufi zenye pande zinazofanana hazihitaji kugeuzwa. Neno MAMA lina herufi mbili tu, M na A, na kila moja ukiigeuza inabaki vile vile. Hata hivyo nilipolichonga moja kwa moja kwa ajili ya kadi, chapa ilitoka AMAM, na mlengwa aliniuliza ni lugha gani.

Chonga kwa wembe uliofungwa utepe upande mmoja, au kwa kisu chembamba cha kukatia karatasi. Elekeza makali mbali na vidole vya mkono unaoshika raba, na kwenye mipindo zungusha raba yenyewe badala ya kuzungusha kisu. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni mwinamo wa kisu: kiinamishe ili mkato uelekee nje ya mstari, kitako cha kila mstari kiwe kipana kuliko uso wake, kama tuta la shambani. Ukiinamisha kwa ndani, mstari unabaki umesimama juu ya shingo nyembamba na hukatika chapa ya tano. Ukimaliza, funga muhuri kwa karatasi, si kwa mfuko wa nailoni, kwani raba nyingi za plastiki zikigusana na plastiki nyingine kwa muda mrefu huyeyushana na kunatana.

Kupiga chapa

Usichovye muhuri ndani ya rangi. Mimina rangi kidogo juu ya kigae au kipande cha kioo, itandaze kwa sponji, kisha dondoa kwa sponji hiyo juu ya uso wa muhuri mpaka upate tabaka jembamba lililo sawa. Weka chini ya karatasi yako magazeti mawili yaliyokunjwa, ili pawe na ulaini kidogo wa kupokea mkandamizo. Shusha muhuri wima, kandamiza kwa uzito wa mkono bila kuuyumbisha, kisha uinue wima. Chapa ya kwanza ipige kwenye karatasi ya kutupa kila mara.

Kuhusu wino, ule wa pedi za ofisini unafaa kwa raba na hutoa mistari safi, lakini mwingi wake ni wa maji na utatawanyika ukipitisha brashi yenye maji juu yake. Ukitaka kupaka rangi juu ya chapa, tumia akriliki au wino mweusi wa Kihindi, ambao ukikauka hauogopi maji. Usikubali maneno ya dukani. Piga chapa moja, subiri ikauke, ipitishie brashi yenye maji, na utaona mwenyewe. Muhuri uliopakwa akriliki uoshwe hapo hapo kwa maji na mswaki, kabla hujaketi kuisifu kazi yako.

Sasa, chapa ikae wapi? Hili ndilo swali linalotenganisha ukurasa uliopambwa na ukurasa uliochafuliwa, na jibu lake tunalo kabatini. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyo chini ya mji. Mpango huo huo unafanya kazi juu ya karatasi ya A6. Chonga muhuri mdogo wa mraba wa sentimita moja na nusu kwa ajili ya pindo, na mwingine wa sentimita nne au tano kwa ajili ya mji. Korosho, nanasi, jahazi au ua moja lenye petali nene vinatosha. Weka alama hafifu za penseli, anza pindo kwenye pembe nne, kisha nenda kutoka kila pembe kuelekea katikati ya upande, ili makosa ya vipimo, ambayo hayakosekani, yakutane mahali pasipoonekana sana. Acha nafasi tupu kati ya pindo na mji. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya macho yatulie, na katika shajara ndipo utakapoandika.

Kwa idadi ya rangi, mimi sizidishi tatu katika ukurasa mmoja. Si sheria niliyoitunga. Wanakili wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walipamba Misahafu yao katika karne za 18 na 19 kwa nyeusi, nyekundu na njano, na hakuna anayeitazama kazi ile akasema imepungukiwa.

Maneno

Andika baada ya chapa kukauka kabisa. Wino wa Kihindi na kalamu ya nibu, au kalamu ya mwanzi uliochongwa ncha bapa, hutoa herufi zenye unene unaobadilika, lakini usiache wino huo ukakauka kwenye nibu. Kalamu ya jeli nayo inafaa, mradi uijaribu kwanza juu ya akriliki, maana baadhi huteleza. Kwa kadi, maneno yawe machache, kama jina la kanga lilivyo. Kadi ya Idi haihitaji shairi zima, na kadi ya mchango wa harusi, tuseme ukweli, husomwa tarehe na kiasi tu.

Kadi na bahasha yake

Kata karatasi nzito ya A4 katikati, kisha chora mstari wa mkunjo kabla ya kukunja: weka rula katikati na upitishe kalamu iliyokwisha wino kwa kukandamiza, ili ifanye mfereji. Kunja ukielekeza mfereji nje, halafu usugue kwa mgongo wa kijiko. Bila mfereji huo, karatasi ya gramu 250 hupasuka kwenye mkunjo na kuonyesha nyuzi nyeupe. Rangi na chapa vyote vifanyike kadi ikiwa bado imetandazwa.

Kwa bahasha, kata mraba wa sentimita 21 kutoka kwenye A4 ya kawaida. Laza kadi katikati yake kimshazari, pembe nne za mraba zikielekea pande nne za kadi. Kunja pembe ya kushoto na ya kulia zikutane, ukiacha milimita moja ya nafasi kila upande, kisha pandisha pembe ya chini na uigundishe juu yao. Pembe ya juu hubaki kuwa kifuniko.

Jalada

Kata manila yenye urefu wa milimita 154 na upana wa milimita 226, mkondo ukifuata ule urefu wa 154. Vipimo hivyo vinatoa milimita tatu za ziada juu na chini ya kurasa na kwenye kila ukingo wa mbele, pamoja na mgongo wa milimita kumi katikati. Mgongo huo utaonekana mpana kuliko kurasa zako, na ndivyo unavyotakiwa kuwa, kwani kurasa zilizopakwa rangi huvimba, na ukibandika tiketi na picha ndani zitavimba zaidi. Chora mifereji miwili ya mgongo kama ulivyofanya kwenye kadi.

Ukitaka kulifunika kwa kitambaa, kipande cha kanga au kitenge kinapendeza, lakini kifue kwanza, maana kanga mpya ina wanga unaozuia gundi kushika. Pika gundi ya ngano kwa sehemu moja ya unga na sehemu tano za maji. Koroga unga kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, kisha weka jikoni moto mdogo mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto na uanze kung’aa. Matone machache ya mafuta ya karafuu yatachelewesha ukungu. Gundi ikipakwa moja kwa moja hupenya na kuacha madoa usoni mwa kitambaa, kwa hiyo kigundishe kwanza juu ya karatasi nyembamba, kiache kikauke, na baadaye ndipo ukigundishe juu ya manila, ukikunja sentimita moja na nusu ndani kila upande. Funika upande wa ndani kwa karatasi uliyoipiga chapa, kisha liweke jalada chini ya vitabu mpaka likauke.

Kushona

Sasa kunja kurasa zako. Chukua nusu karatasi nne, zikunje pamoja, sugua mkunjo kwa kijiko. Hicho ni kitita kimoja chenye kurasa 16. Tengeneza vitita vitatu. Kata kipande cha karatasi cha urefu wa milimita 148 kiwe kigezo, ukitie alama kwenye milimita 25, 74 na 123, na toboa kila kitita katikati ya mkunjo kwa kufuata alama hizo. Shazia, yaani sindano nene ya kushonea magodoro na mikeka, inafaa kwa kutoboa. Kwa kushona tumia nyembamba zaidi. Kwenye mgongo wa jalada chora mistari mitatu ya wima, mmoja katikati na mingine milimita tatu kila upande wake, kisha toboa kila mstari kwa kigezo kile kile, ukikiweka milimita tatu chini ya ukingo wa juu.

Kata uzi imara wa sentimita 40 kwa kila kitita na uupitishe juu ya nta ya nyuki au mshumaa, ili usijifunge wala usiteleze. Weka kitita cha kwanza kwenye mstari wake. Anzia ndani, toka nje kwa tundu la kati ukiacha mkia wa sentimita saba. Ingia ndani kwa tundu la juu. Ukiwa ndani ruka tundu la kati na utoke nje kwa tundu la chini. Kisha rudi ndani kwa tundu la kati. Hakikisha mikia miwili imekaa pande mbili za ule uzi mrefu unaotoka juu hadi chini, kaza kwa kuvuta sambamba na mkunjo, si kwa kuinua juu, kwani kuinua huchana karatasi. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu na ukate mikia ibaki sentimita moja. Fanya hivyo hivyo kwa vitita viwili vilivyobaki. Kuna mishono ya kifahari inayounganisha vitita vyenyewe kwa vyenyewe, lakini huu wa kila kitita kujitegemea una faida kubwa kwa shajara ya rangi: kitita kikiharibika unakata uzi wake mmoja, unashona kingine mahali pake, na vile viwili havitikisiki.

Baada ya kushona, kingo za mbele za kurasa zitakuwa zimejitokeza kidogo katikati ya kila kitita. Unaweza kuzikata kwa rula ya chuma na kisu kikali, ukipitisha kisu mara nyingi kwa mkono mwepesi, ila ukiwa umepiga pindo kwenye kurasa ziache zilivyo, usije ukalikata. Weka daftari chini ya vitabu usiku mmoja, na karatasi ya kuokea keki kati ya kurasa zozote zenye akriliki nzito, kwa kuwa akriliki hunatana ikikandamizwa hata baada ya kukauka. Asubuhi liinue, lifungue kutoka katikati ya kila kitita, na upitishe kidole juu ya kila fundo. Lililolegea lifungue na ulikaze sasa, kabla hujaandika neno la kwanza.